Somo: Kumsoma Mariamu, mama wa Yesu, Injili moja baada ya nyingine

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wengi wetu tulimjua Mariamu kwa nyimbo za Krismasi kabla hatujamsoma. Ndiyo maana mamajusi wa Mathayo na wachungaji wa Luka tunawajaza zizi moja, na sauti ya kila mwandishi inapotea. Chukua Biblia (mimi natumia Union Version), daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Marko. Hapa hakuna malaika wala hori. Soma 3:31-35: mama yake na nduguze wamesimama nje, wametuma mtu kumwita. Kisha 6:3, watu wa kwao wanamwita "mwana wa Mariamu". Andika unachokiona, usikimbilie kukilainisha.

Hatua ya 2: Mathayo 1 na 2. Tafuta neno alilosema Mariamu. Hulipati hata moja. Malaika anasema na Yusufu ndotoni. Ila rudi kwenye ukoo: Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, kisha Mariamu. Mathayo hakuwataja wanawake hao bure.

Hatua ya 3: Luka 1 na 2. Hapa kaa, hata wiki nzima. Mariamu anauliza: "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Anajibiwa, ndipo anakubali kwa kinywa chake. Kisha weka wimbo wake (1:46-55) kando ya wimbo wa Hana, 1 Samweli 2:1-10, na upige mstari panapofanana. Binti wa Nazareti anaimba kwamba Mungu "amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi"! Sasa nenda 2:24, halafu Walawi 12:8. Hua wawili au makinda mawili ya njiwa ni sadaka ya mama asiyeweza kumpata mwana-kondoo. Aliyeimba kuhusu wanyonge alikuwa mmoja wao. Mimi kila nikifika hapo hufunga kitabu kwanza.

Hatua ya 4: Yohana. Jina lake halitajwi kabisa. Ni "mama yake Yesu", Kana (2:1-12) na msalabani (19:25-27). Malizia na Matendo 1:14, yuko katika maombi pamoja na wanafunzi.

MASWALI

*Mwalimu, hao ndugu wa Yesu ni watoto wa Mariamu?*
Makanisa hayajakubaliana, dada yangu. Wakatoliki husema ni jamaa wa karibu, Waorthodoksi wengi husema ni watoto wa Yusufu wa ndoa ya kwanza, Waprotestanti wengi husema ni wadogo zake wa tumbo moja. Kiswahili chetu kinatusaidia kuelewa ugomvi wenyewe: nasi tukisema "ndugu" hatumaanishi lazima mtoto wa mama mmoja.

*Mwanamke wa Ufunuo 12 ndiye yeye?*
Wapo wanaomwona Mariamu, wapo wanaoona Israeli au Kanisa. Msome kwanza katika Injili, ndipo uende huko.

*Kana Yesu anamwita "Mama", lakini nimesikia Kigiriki kinasema "mwanamke". Alimkosea heshima?*
Hapana, ndugu. Ni kweli Kigiriki kina "mwanamke", na watafsiri wetu wakaweka "Mama" kwa adabu ya Kiswahili. Fungua 4:21 na 20:15: Msamaria kisimani na Mariamu Magdalene kaburini wanaitwa neno hilohilo, wote kwa upole. Kisha tazama Mariamu alivyolipokea. Hakununa, aliwageukia watumishi akasema, "Lo lote atakalowaambia, fanyeni." Baada ya hapo Yohana hatusikilizishi tena sauti yake.