Picha kwanza, uthibitisho baadae

Ukikutana na kanuni mpya ya hesabu usikimbilie uthibitisho, chukua namba ndogo uchezee kwanza, mfano 1+3=4, 1+3+5=9, afu chora vidoti, kila namba witiri inakaa kama kona kuzunguka mraba uliopita, hapo unajionea mwenyewe kwanini jibu linakuwa mraba kila mara. Kwangu mimi huko ndo kuelewa.

Ila usijiamini sana. Jaribu n²+n+41, weka 0, 1, 2 mpaka 39, zote zinatoka namba tasa, ushaanza kujiona fundi, weka 40 sasa: 1681, yani 41×41, chali!

Kwahiyo uthibitisho uandike tu, na kalamu ikikwama rudi kwenye mchoro, mara nyingi kuna kitu ulikiona nusu.