Kubadilisha mbao za tela la boti zilizochoka, hatua kwa hatua

Wakuu, kama una boti ya faiba inayolala juu ya tela, jioni ya leo hebu piga magoti nyuma ya tela, chukua bisibisi bapa, uichome ile mbao ndefu inayobeba tumbo la boti. Usichome katikati, choma pembeni ya bolti. Ikizama kama kwenye mhogo uliochemshwa basi endelea kusoma, ikigoma nenda kanywe chai yako.

Mimi sikuchoma. Mbao zangu zilikuwa zimevikwa zulia, kwa juu safi tu, kumbe ndani zimekwisha, boti ikawa inashuka kidogo kidogo mpaka kichwa cha bolti kikagusa faiba, na kutoka Kunduchi kila wikiendi ni matuta kwenda mbele. Tundu lilikuwa la kuingia kidole. Fundi wa faiba akaliangalia, akacheka, akaniambia "Kaka, hujagonga mwamba, hii umeitoboa mwenyewe nyumbani kwako." Tangu hapo hii kazi nafanya kwa mkono wangu na ninachokazania ni matundu ya bolti, huko ndo ubao unaanzia kuoza, mengine yote ni useremala wa kawaida.

Boti yangu ni futi 19, injini moja nyuma, tela lina mbao mbili za futi 10. Yako pima mwenyewe.

Hatua ya kwanza, boti itakaa wapi. Njia tamu kuliko zote ni kusubiri bamvu (siku za maji makubwa, mwezi mpevu au mwandamo), maji yakijaa unaishusha, unatia nanga, unarudi na tela tupu unafanya kazi umesimama kama binadamu. Ila kumbuka hapa Dar maji ya bamvu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwahiyo kamba ya nanga iwe ndefu na usiiache sehemu yenye mawe maana ikipwa boti itakaa chini. Yakishajaa una kama saa 12 na kidogo mpaka yajae tena, kwa mtu aliyeandaa mbao mapema, zimeshatobolewa na kunywa vanishi kama nitakavyoeleza chini, zinatosha kabisa.

Kama huwezi kuishusha basi badilisha ubao mmoja mmoja, usije ukatoa zote mbili. Tela liwe kwenye sakafu ngumu, tairi zimewekwa mawe mbele na nyuma, mkanda wa winchi umekaza. Jeki moja chini ya mkuku (uti wa mgongo wa boti) na kipande cha mbao juu yake ili isitoboe, halafu magogo mawili nyuma kwenye tezi upande unaoufungua, maana injini ndo iko huko na uzito wote uko huko. Inua kidogo tu, ubao ukiacha kubanwa inatosha. Na kichwa chako kisiingie chini ya boti hata kama jeki ni mpya.

Hatua ya pili ni kuweka alama kabla hujagusa spana. Chukua rangi au chokaa, chora kila braketi (kile chuma kinachoshika ubao kwenye tela) imesimama urefu gani na imelala kwa pembe gani, piga na picha ya simu. Nilishawahi kuruka hii, boti ikakaa imeegemea upande kama daladala ya saa 12 jioni, nikafungua tena zote.

Bolti za zamani nyingi hazitafunguka, kutu imeshazishika, utazikata na grenda. Hapo kwanza toa tenki la petroli kwenye boti lipeleke mbali kabisa, na tumbo la boti lifunike na gunia lililoloa, cheche za grenda zikirukia faiba zinaganda humo na baadae zinatoa vidoa vya kutu.

Mbao. Nimenunua za Buguruni mara mbili, msindano (paini) uliotiwa dawa, inchi 2 kwa 6. Mninga na mtiki ni mzuri zaidi, bei yake sasa, na mninga ni mgumu hauinami kufuata tumbo la boti. Mkaratusi achana nao, unapasuka na kujikunja. Chagua ubao usio na fundo kubwa, ufumbe jicho moja uangalie kama umenyooka. Ukiwa umepinda kidogo, ule mgongo ndo uangalie juu. Za dawa huwa zinauzwa bado mbichi, ziache kivulini wiki mbili tatu, zikiwa mbichi vanishi haishiki. Ukizikata vaa barakoa, na vile vipande vinavyobaki usimpe mama ntilie akapikie, ile dawa ya kijani ina sumu na moshi wake ni mbaya. Wenye boti za aluminiamu nyie msiweke mbao ya dawa ya shaba kabisa, inakula bati la boti.

Urefu usiibie. Ubao lazima ufike mpaka mwisho wa boti pale nyuma chini ya injini, ukiishia kidogo tu kabla ya hapo, tumbo la boti litaanza kupinda taratibu na boti itakuwa na tabia mbaya majini.

Sasa matundu. Weka ubao mpya kwenye braketi, toboa ukifuata matundu ya braketi, halafu upande wa juu panua mdomo wa tundu ili kichwa cha bolti kizame nusu inchi kamili chini ya uso wa ubao. Nusu inchi, sio "kimelala sawa", maana ubao utasagika na kuliwa halafu unarudi kwenye hadithi yangu ya fundi wa faiba. Kisha ziba chini ya kila tundu na selotepu, jaza vanishi uliyoipunguza na thina, iache inywe nusu saa, mwaga, sugua kuta za tundu na mswaki wa zamani. Rudia kesho yake. Ncha za ubao ulizokata nazo hivyo hivyo, zichovye kabisa, ncha inakunywa maji kama mrija. Oili chafu ya gari msiweke jamani, najua wengi wanaweka, inachafua bahari na zulia.

Bolti chukua za stainless, zile za kichwa cha uyoga, mimi natumia za spana namba 17. Kariakoo upande wa Gerezani zipo, ila nenda na sumaku, bolti ya chuma cha kawaida iliyong'arishwa sumaku inaivuta kwa nguvu, ya stainless nzuri haivutwi au inavutwa kidogo sana. Weka washa pana chini na nati yenye nailoni ndani. Kabla ya kusukuma bolti paka silikoni chini ya kichwa.

Zulia liwe la nailoni, livute juu na pembeni, lipigiliwe kwa skurubu fupi za stainless upande wa chini, na chini kabisa paache wazi maji ya chumvi yachuruzike. Ukizungushia lote umeutengenezea ubao nepi. Kuna wanaoweka mpira wa mkanda wa mashine badala ya zulia, haufai, unang'ang'ania boti haishuki na unaacha weusi.

Kufunga: nati zote zishike kwa mkono kwanza, shusha boti ikalie ubao, ndo ukaze. Ukikaza mapema braketi haipati nafasi ya kulala kufuata tumbo. Halafu ingia na kipande cha karatasi, kipitishe kati ya boti na ubao kuanzia tezi mpaka omo (mbele), kikipita kirahisi sehemu ndefu basi braketi ya hapo iko chini, ipandishe.

Safari ya kwanza nenda karibu tu, ukirudi pita na spana 17, mbao mpya inabonyea na nati zinalegea. Zangu juzi zilichukua nusu mzunguko kila moja, isipokuwa ya nyuma kulia, ile ilichukua mzunguko mzima.