Kabla hujampa fundi breki za gari lako

Anza na fundi mwenyewe. Gereji usiichague kwa kuwa ipo jirani na kibanda cha chipsi. Waulize madereva wa teksi na daladala wa kituo chako breki wanatengenezea wapi. Gari lao likilala gereji hesabu ya tajiri inawasubiri palepale, kwa hiyo hawana muda na fundi wa kubahatisha. Na usidhani kila fundi injini anajua breki. Fundi umeme ndiyo usimwulize kabisa.

Nenda na maelezo. "Breki haziko sawa" haimsaidii mtu. Usukani unatetemeka ukikanyaga breki kwenye mwendo? Hapo angalia diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Gari linavuta upande mmoja? Mara nyingi kalipa, kile kifaa kinachobana diski, imekwama upande mmoja. Pedali ni laini kama unakanyaga sponji? Kuna upepo kwenye mafuta ya breki. Umesimama kwenye taa, mguu uko palepale, na pedali inazidi kuzama polepole? Masta silinda hiyo, pampu inayosukuma mafuta ya breki, na gari lisitoke hapo mpaka iangaliwe. Mlio mwembamba wa chuma kwa chuma nao usiuzoee. Pedi, vile vipande vinavyong'ata diski, nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kipige kelele zikikaribia kuisha.

Spea nunua mwenyewe. Kwa sisi wa Dar ni Kariakoo, na uende umeshika pedi ya zamani mkononi, maana gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kutumia pedi mbili tofauti. Utatajiwa bei tatu, na ya juu itaitwa orijino. Wakati mwingine kilicho orijino ni boksi tu. Pedi zinabadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja, asikudanganye mtu kwamba hii ya kulia bado nzima. Mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ikibaki milimita 3, toa. Diski nayo imechapwa unene wake wa mwisho. Ikishafika hapo, kuipeleka kukerezwa ni kutupa hela.

Sasa mafuta ya breki. Hapa naomba utulie.

Desemba moja tulikuwa na harusi Lushoto. Alhamisi jioni nikapitisha gari kwenye gereji moja ya mtaani, pedi za mbele zibadilishwe, Ijumaa alfajiri tuondoke. Fundi mkubwa alikuwa ametoka, nikahudumiwa na kijana wake. Pedi alifunga vizuri tu. Alipomaliza akafungua boneti, akaona kichupa cha mafuta ya breki kimepungua kidogo, akaingia kibandani akatoka na chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, ndani yake mafuta mekundu kama juisi ya rosela. Niliyaona. Nikamwuliza, "Ndiyo yenyewe haya?" Akasema, "Sista, hii ndiyo tunayotumia siku zote." Kulikuwa na wanaume watatu wamekaa kwenye benchi wananitazama. Nikaona aibu kuonekana najifanya najua. Nikanyamaza, akamimina.

Safari ya kwenda haikuniambia kitu, au niseme iliniambia sikusikia. Kupanda kutoka Mombo gari lilikuwa zito, mafuta ya kwenye tangi yanashuka kuliko kawaida, nikasema ni mlima na mizigo. Jumapili tukaanza kurudi. Mama mkwe mbele, watoto nyuma, miguuni ndoo mbili za pea na plamu. Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kama kilomita 33, karibu zote unateremka, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine unaona vilele vya miti. Kabla ya Soni mama mkwe akasema ananusa kitu kinaungua. Nikamwambia, "Ni lori hilo la mbele, mama." Tulipoipita Soni, lori lilikuwa limeshatuacha na harufu bado ipo. Kona iliyofuata nikakanyaga breki, pedali ikaenda chini zaidi ya kawaida, na gari likapunguza mwendo kwa kusitasita, kama mtu asiyetaka. Nikarudisha gia kwenye L, ile ya chini kabisa, injini ikanguruma, nikaanza kuvuta hendibreki kidogo kidogo. Mungu mkubwa, mbele kulikuwa na sehemu pana. Konda wa Noah iliyokuwa nyuma yetu akaruka, akaweka jiwe kwenye tairi kabla hata sijafungua mlango. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Mtu mmoja alitaka kuyamwagia maji, wakamzuia, na walikuwa sahihi: diski ya moto ikimwagiwa maji inapinda au inapasuka.

Tulikaa hapo zaidi ya saa moja, kisha tukateremka mwendo wa kinyonga mpaka Mombo. Fundi tuliyeelekezwa ni mzee wa makamo ya baba yangu. Hakugusa tairi. Alifungua boneti, akazungusha kifuniko cha kile kichupa, na mpira wa ndani ya kifuniko ukachomoka umevimba na kujikunja kama kitumbua kilichozidi hamira. Akajaribu kuurudisha, hauingii. Akachovya kidole, akasugua, akanusa. "Mwanangu, nani kakuwekea mafuta ya haidroliki humu?"

Akanieleza. Mipira ya mfumo wa breki imetengenezwa kuishi ndani ya mafuta ya breki peke yake. Ukitia ya haidroliki, ya injini au ya gia, inavimba. Ikivimba ndani ya masta silinda inaziba kitundu cha kurudishia mafuta, kwa hiyo hata ukitoa mguu, pedi zinabaki zimeng'ata diski. Mimi nilikuwa nimesafiri na breki nimezikanyaga nusu nusu tangu Dar. Masta silinda, mipira ya kalipa zote, silinda za nyuma, mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, vyote vikatolewa, mabomba yakasafishwa. Gari lililala Mombo siku nne, sisi tukarudi na basi, na ndoo zetu. Nusu kikombe cha mafuta mekundu.

Kwa hiyo: nenda na chupa yako, mpya, haijafunguliwa, na ifunguliwe mbele yako. Aina imeandikwa kwenye kifuniko cha kichupa, kwa magari yetu mengi ni DOT 3 au DOT 4. DOT 5 usiichanganye na hizo, ni ukoo mwingine. Kinachobaki usikitunze stoo kwa ajili ya mwakani, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140, na mlimani joto hilo si la kutafuta. Ndiyo maana yanabadilishwa yote kila baada ya miaka miwili hivi. Na ukiona yamepungua usikimbilie kuongeza. Ama pedi zimeisha, ama kuna mahali panavuja.

Wakati wa kazi simama hapo. Kalipa isining'inie kwa mpira wake wa mafuta, ifungwe na waya. Pini zake zisafishwe na zipakwe grisi yake, siyo ile ya kwenye beringi. Vumbi la breki wasilipulize na kompresa huku mmesimama wote mnavuta hewa. Wakimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa kabla gari halijasogea hata hatua moja, maana kukanyaga kwa kwanza baada ya kubadili pedi huwa hakuna kitu. Kisha jaribuni mtaani, fundi akiwa ndani.

Usitengeneze breki leo ukasafiri kesho. Jipe wiki ya mizunguko ya mjini, pedi zizoeane na diski, kasoro zijitokeze karibu na nyumbani. Nati za tairi zikazwe tena baada ya siku mbili. Stika ya usalama barabarani kwenye kioo haishiki diski. Mlimani shuka na gia, si na mguu. Risiti tunza, spea za zamani dai uondoke nazo, gari lisiingiwe chini likiwa juu ya jeki peke yake, na fundi akikuambia "itajishika yenyewe ukitembea," mpe funguo atangulie yeye.