Somo: Kuandaa harusi ya kijijini kwa nguvu za ndugu na majirani

Somo hili linahusu harusi za vijiji vya mwambao wa Tanga, ambako akdi hufungwa asubuhi, pilau huliwa mchana, na wageni hurejea makwao kabla ya giza.

Hatua ya kwanza ni tarehe. Epuka masika, yaani Machi hadi Mei, si kwa sababu ya mvua peke yake, bali kwa kuwa watu wanashinda mashambani wakati huo, na mikono yao ndiyo unayoitegemea. Mimi hupendelea Agosti. Mkishakubaliana, mwarifuni mfungishaji ndoa mapema, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla.

Hatua ya pili ni kuomba watu kabla ya kuomba michango. Fuatana na shangazi au mjomba mpaka nyumbani kwa mpishi wa shughuli, umweleze idadi ya wageni, kisha yeye ndiye akuambie anahitaji kuni kiasi gani, masufuria mangapi na wasaidizi wangapi. Ukimpelekea orodha uliyoiandika mwenyewe, atakusikiliza kwa adabu na kuiweka kando.

Hatua ya tatu ni vyombo vya kuazima, na hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Katika harusi ya mdogo wangu tulipoteza mfuniko mmoja wa sufuria kubwa, na hadi leo mwenye sufuria hunisalimia kwa kuuliza habari za mfuniko. Tangu hapo ninaandika kila chombo katika daftari mbele ya mwenyewe. Chini ya sinia natia nukta ya rangi ya kucha, rangi moja kwa kila nyumba. Sufuria, kwa kuwa litakaa motoni, hukwaruzwa herufi kwa msumari karibu na mkono, mwenyewe akiridhia.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, wanawake huchambua mchele na kumenya vitunguu, na wanaume hufunga turubai na kutandika majamvi. Moto uwashwe alfajiri.

Maswali na majibu

Swali: Wageni wangu ni 150. Ninunue mchele kiasi gani?

Jibu: Mimi hukadiria kilo 1 kwa watu 7, hivyo nunua kilo 22, na uongeze 3 kwa ajili ya watoto na wapishi. Usiupike wote katika sufuria moja, kwa maana wa chini hugeuka bokoboko ilhali wa juu bado una kiini.

Swali: Ndugu wa bwana harusi wanatoka mjini na wanashikilia kwamba lazima pawe na ukumbi na mshereheshaji. Tuwajibuje?

Jibu: Wapeni kazi. Wakabidhini usafiri wa wazee, au ununuzi wa mbuzi, na muwaalike waje siku moja kabla. Nimeona wakwe waliofika wakinung'unika wakajikuta usiku wanamenya vitunguu saumu pamoja na wenyeji, na habari ya ukumbi haikurudi tena.

Swali: Na majirani ambao hawakualikwa?

Jibu: Kijijini aliyesikia habari amekwisha kualikwa. Zile kilo 3 za nyongeza zifanye 5.