Kugeuza dari kuwa chumba katika nyumba kongwe ya England: anza na ngazi

Mimi ni fundi seremala London, na kazi yangu kubwa ni kugeuza dari, yaani nafasi iliyo chini ya paa, za nyumba za enzi ya Malkia Victoria kuwa vyumba vya kulala. Wenye nyumba wakinipigia simu huulizia madirisha ya paa na bafu. Mimi huulizia ngazi. Moto na moshi hupanda juu, na atakayelala darini ana njia moja tu ya kushuka. Ninayoeleza ni ya England, ambako mafundi na wakaguzi hufuata Approved Document B, juzuu ya 1, mwongozo wa serikali wa usalama wa moto katika nyumba za kuishi. Scotland wana kanuni zao.

Hatua ya 1: Uliza kama nyumba imeorodheshwa kuwa urithi. Kama imo, kuibadilisha bila kibali ni kosa la jinai, hata kwa mlango wa ndani. Mkutanishe mapema ofisa wa urithi wa halmashauri na mkaguzi wa ujenzi: mmoja atataka mlango wa zamani ubaki, mwingine atataka uzuie moto.

Hatua ya 2: Pima kutoka ardhini hadi sakafu ya chumba kipya. Ikizidi mita 4.5, dirisha halihesabiwi tena kuwa njia ya kujiokolea. Nyumba ya ghorofa moja, yaani yenye vyumba vya chini na vya juu, ikiongezewa chumba darini karibu kila mara huvuka kipimo hicho.

Hatua ya 3: Zungushia ngazi ulinzi, kuanzia darini hadi mlango wa nje. Kuta za ngazi na korido zistahimili moto dakika 30. Hapa ndipo wengi hukwama. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo ukuta kati ya sebule na korido ulishabomolewa zamani ili kupata nafasi. Ngazi zilishukia katikati ya sebule, hatua chache kutoka jikoni. Mama mwenye nyumba alitaka chumba cha watoto wake wawili juu. Nilimwambia ukweli: sofa ikishika moto usiku, watoto watashukia ndani ya moto. Tuliurudisha ukuta. Zipo njia nyingine, kama mfumo wa kunyunyizia maji, lakini mkaguzi aukubali kwenye michoro kabla hujanunua hata bomba moja. Angalia pia vioo vilivyo juu ya milango ya vyumba. Kioo cha kawaida hupasuka mapema kwa joto, kwa hiyo weka cha kuzuia moto au ziba.

Hatua ya 4: Milango. Mwongozo unadai dakika 20 kwa milango ya vyumba inayofungukia ngazi. Mimi hufunga ya dakika 30. Mlango wa zamani una fremu nene, lakini gonga paneli zake kwa kidole: ni nyembamba, na moto hupenya hapo kwanza. Kama lazima ubaki, paneli huongezewa unene kwa upande wa chumbani au hupakwa rangi maalumu inayovimba kwa joto. Kisha chonga mfereji ukingoni na uweke utepe unaovimba. Uwazi kati ya mlango na fremu uwe kama milimita 3. Mimi hupitisha sarafu ya pauni moja kuzunguka mlango mzima. Nyumba ya familia moja hailazimishwi kuwa na springi za kufunga milango hiyo, kwa hiyo ifungeni wenyewe kabla ya kulala.

Hatua ya 5: Sakafu na vyuma. Sakafu mpya istahimili dakika 30. Silingi nyingi za zamani ni plasta ya chokaa juu ya fito. Usiibomoe kwa haraka. Kama ni nzima, sisi hutandaza wavu wa banda la kuku juu ya boriti mpya, uning'inie kati ya boriti moja na nyingine, kisha tunapanga sufi ya mawe (nyuzi za mwamba zisizoungua) juu ya wavu, na plasta inabaki kama ilivyokuwa. Boriti za chuma zifunikwe kwa bodi za jipsamu za kuzuia moto, kwani chuma kikipata joto kali hulegea.

Hatua ya 6: Panda darini na tochi, ukague ukuta wa jirani. Hatua hii husahaulika kuliko zote. Katika nyumba zilizoshikana safu, waashi wa zamani wakati mwingine waliacha kujenga ukuta huo kabla ya kufika kwenye paa. Zima tochi yako. Ukiona mwanga wa dari ya jirani, moto wake utapita hapohapo kuja kwako. Jenga kwa tofali hadi chini ya vigae na uzibe kila tundu. Ukuta huu unadaiwa dakika 60. Jirani apewe notisi ya maandishi miezi miwili kabla, kwa Sheria ya Kuta za Pamoja ya 1996.

Hatua ya 7: Ving'ora vya moshi. Kila ghorofa iwe nacho, vitumie umeme wa nyumba na betri ya akiba, na kimoja kikilia vilie vyote. Viwe kwenye silingi, angalau milimita 300 kutoka ukutani na kwenye taa, na pasiwe na mlango wa chumba ulio zaidi ya mita 7.5 kutoka kwenye king'ora. Jikoni weka cha joto. Cha moshi kitalia kila mnapokaanga samaki, na mwisho wake mtu atakichomoa.

Hatua ya 8: Cheti. Mkaguzi aje kabla silingi hazijafungwa, maana baada ya hapo sufi na wavu havionekani. Zuia malipo ya mwisho ya fundi, mimi nikiwemo, hadi cheti cha kukamilika kiwe mkononi mwako.