Jinsi ya kulitambua na kulipiga picha wingu la adesi juu ya Kilimanjaro

Kutoka Malindi hadi Kilimanjaro ni kama kilomita 300, na kwa umbali huo hata mlima wa mita 5,895 humezwa na mviringo wa dunia. Safari haina budi. Ila somo la kwanza liko papa hapa pwani, tena halina nauli: siku za bamvua, maji yakipwa kwa kasi juu ya mwamba uliozama, angalia tuta la maji linaloinuka upande wa demani, yaani kule maji yanakoelekea. Maji yanapita, tuta halisogei. Wingu la adesi ni tuta lilo hilo, la hewa.

Upepo ukikutana na mlima, hewa hupandishwa. Hewa kavu hupoa kama nyuzi 1 kwa kila mita 100, mpaka mvuke wake ugeuke matone. Ikishuka ng'ambo hupata joto tena na matone hukauka. Kwa hiyo wingu huzaliwa joshini, upande upepo unakotoka, na kufa demani, upande unakokwenda, muda wote, ukadhani limegandishwa angani. Likikifunika kilele kama kawa juu ya sahani, hilo ni wingu la kofia. Likielea demani, kingo laini kama punje ya adesi, ndilo tunalolitafuta. Unyevu ukiwa katika matabaka kadhaa, hupangana kama sahani kabatini.

Sharti lake ni hewa tulivu, ile ambayo ikisukumwa juu hutaka kurudi chini. Jua likishaichemsha ardhi, sharti huvunjika na unabaki na mavundevunde tu. Uwe umeshafika kabla ya saa 12 asubuhi. Saa 4 mara nyingi mlima wote umejifunika.

Taveta ni karibu zaidi kwa atokaye pwani, lakini upepo ukivuma kutoka mashariki utakuwa mgongoni mwako, na mawingu ya demani yatajificha nyuma ya mlima. Amboseli ni bora: unatazama kusini, kilele cha Mawenzi kushoto, kile cha Kibo kulia, na mawingu hupangika kuelekea kulia.

Kabla ya kutoa simu, pima. Simama palepale, nyoosha mkono, weka kidole gumba kwenye ukingo wa wingu. Upana wa kidole ni kama digrii 2, yaani karibu kilomita 1.5 ukiwa kilomita 45 kutoka mlimani. Wingu la kawaida kwenye upepo wa kilomita 36 kwa saa litavuka vidole viwili hivi kwa dakika 5. La adesi litabaki pale pale. Kipimo hiki pia huwanyamazisha wanaopiga kelele kwamba mlima unafuka moshi: moshi huchukuliwa na upepo.

Funga simu kwenye stendi, na chini yake ning'iniza mfuko wenye kilo 2 za mchanga, maana upepo wa mbugani hutikisa. Bonyeza skrini kwa muda juu ya wingu ili mwanga na fokasi vifungwe, kisha punguza mwanga kidogo, la sivyo weupe wa wingu utazidi na umbo lake lipotee. Usipofunga mwanga, video itapepesa. Piga kila sekunde 10 kwa dakika 20: picha 120, sawa na video ya sekunde 5 kwa kasi ya picha 24.

Ukiichezesha, tazama kingo tu. Joshini nyuzi nyembamba zitazuka, demani zitachanika na kupotea. Wingu zima likivuka fremu, futa uanze tena.