SOMO: Kupima asidi na besi kwa choya

Kila muhula naulizwa: "Mwalimu, shule haina karatasi za litmasi, tufanyeje?" Naandika mara moja. Msinifuate tena inboksi.

Tafuta choya kavu konzi moja (wengine huiita rozela), chujio, vikombe vyeupe, na vya kupima: ndimu, siki, maziwa, magadi ya kupikia maharage, sabuni ya unga.

1. Mwagia choya kikombe cha maji ya moto, funika dakika 10.

2. Chuja, poza.

3. Kila kikombe weka vijiko viwili vya kitu kimoja. Magadi na sabuni vikoroge kwanza kwenye maji.

4. Dondosha MATONE MATATU ya choya. Matatu! Mwaka wangu wa kwanza kufundisha nilimimina nusu kikombe, tena choya nzito kama ya futari, mbele ya darasa zima. Ndimu nyekundu, maji nyekundu, magadi yakatoa povu tu kisha nayo nyekundu. Mtoto wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo vyote ni asidi?" Nilikosa la kumjibu. Choya yenyewe ni chachu, ina asidi zake. Ukiizidisha, inaimeza besi na unabaki kupima choya. Anza kwa kupima maji matupu, hiyo ndiyo rangi yako ya kulinganishia.

5. Soma rangi. Ndimu na siki, ambazo ni asidi: nyekundu ya kung'aa. Magadi, ambayo ni besi: kijani. Angalia mapema, maana kwenye besi kali kijani hicho hufifia kuwa njano chafu.

ONYO: jiki haipimwi hivi. Inaibabua rangi yenyewe, utadhani umegundua kitu. Na usiichanganye kamwe na siki wala ndimu, inatoa gesi ya klorini.

MASWALI

Mdau1: Mbona vyangu vyote vimekuwa vyekundu?
— Hatua ya 4.

Mdau1: Nimeisoma, nimeweka kidogo tu.
— Kidogo ni matone mangapi?

Mdau1: Robo kikombe.
— Haya.

FundiBomba: Itaniambia pH kamili, ile namba ya ukali wa asidi au besi?
— Hapana. Inakuonyesha upande, na kipi kikali kuliko kingine. Namba inataka kipimo cha dukani.

MamaWawili: Shikamoo mwalimu. Doa la mchuzi kwenye kanzu ya mume wangu, nikilipaka sabuni linageuka jekundu kama damu. Yanahusiana?
— Marahaba mama, swali zuri kuliko yote hapa. Ndiyo yenyewe! Hiyo ni manjano. Ikikutana na besi inakuwa nyekundu ya kahawia. Kamulia ndimu hapohapo, njano itarudi. Loweka manjano kwenye spiriti, chovya karatasi nyeupe, anika kivulini: umepata karatasi za kupimia. Kasoro yake, maji na siki vyote vitaiacha njano, kwa hiyo inakamata besi tu. Na lile doa, suuza kisha lianike juani, litapauka.

MamaWawili: Kumbe! Nilikuwa nalificha kivulini.

Mdau1: Choya ikibaki naitunzaje?
— Hapo umeuliza. Siku chache tu inaota ukungu. Igandishe kwenye vimfuko vya barafu.

MamaWawili: Andikeni juu ya vimfuko. Wangu wamenyonya viwili leo, wananilalamikia havina sukari.